Kiuno cha Mpakiaji

Mvua za vuli zikinyesha vizuri Ukambani, ndengu huwa zimekwisha kupurwa na kupepetwa ifikapo Februari, na malori huanza kujipanga Mwingi, Kitui mjini, Kathonzweni, Wote na Emali. Gunia moja huhesabiwa kuwa la kilo 90. Lori likipakia magunia 100, hizo ni tani 9. Wapakiaji wakiwa wanne, kila mmoja amebeba kilo 2,250 mgongoni, akipanda ubao ulioegemezwa kwenye bodi ya gari, kwa malipo yanayohesabiwa kwa gunia. Upande wa Makueni msimu wa maembe huwa bado haujaisha, na kreti hupakiwa kwenda Nairobi, Mombasa na kwenye kiwanda cha matunda cha kaunti kilichoko Kalamba. Mitoni, vijana wenye mabeleshi huwa wamekwisha kurusha mchanga juu ya malori tangu alfajiri.

Uliza sokoni kama mtu aliyeumia kwa kuinua mzigo anaweza kulipwa fidia. Mara nyingi utaambiwa fidia ni ya aliyekatwa vidole na mashine au aliyegongwa na gari. Kuumia kiuno ni ajali yako mwenyewe, umejitakia kwa kubeba kuliko nguvu zako. Jibu hilo limeenea hata kwa watu waliosoma, nalo si kweli. Sheria za Kenya hazibagui jeraha la kuinua na jeraha la msumeno. Kinachomkosesha mpakiaji haki yake ni kwamba jeraha lake halionekani kwa macho, na mwajiri wake haonekani kwenye karatasi yoyote. Kazi yote ya kuthibitisha imeachiwa mtu ambaye, kati ya wote wanaohusika na gunia lile, ndiye asiyetunza kumbukumbu hata moja.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo kila mtu huiita WIBA, ilianza kutumika tarehe 2 Juni 2008 na kuchukua nafasi ya sheria ya zamani ya fidia, Sura 236. Msingi wake ni kwamba mfanyakazi akiumia katika ajali iliyotokana na kazi na akiwa kazini, mwajiri anawajibika kulipa. Hakuna haja ya kuthibitisha kuwa mwajiri alikuwa mzembe. Mwajiri naye hawezi kujitetea kwa kusema kuwa mfanyakazi hakukunja magoti, au alijifanya shujaa akabeba magunia mawili mawili. Mfanyakazi hupoteza haki tu pale ajali ilipotokana na utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata hapo, kama amepata ulemavu mkubwa au amekufa, mafao hulipwa. Ni sheria pana kuliko inavyodhaniwa. Inamgusa mtumishi wa serikali kama inavyomgusa kibarua wa dukani; waliowekwa kando ni wanajeshi.

Upana huo ulikaa rafuni kwa miaka mingi. Chama cha Wanasheria cha Kenya kilikwenda mahakamani kupinga vifungu kadhaa, na Machi 2009 Mahakama Kuu ikavitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Watu wakaendelea kufungua kesi za fidia mbele ya mahakimu kama zamani. Novemba 2017 Mahakama ya Rufani ikavirudisha karibu vyote, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo. Tangu siku hiyo mlango umekuwa mmoja: dai la jeraha la kazini huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na mahakama hufikiwa kwa rufaa. Mwaka 2023 Jaji Mkuu Martha Koome alitoa maelekezo kuhusu kesi zilizokwama katikati. Hata hivyo, wapo wanaoendelea kuambiwa na mawakala wa mitaani kwamba watawafungulia kesi ya uzembe kwa hakimu. Kesi za namna hiyo zilizofunguliwa baada ya uamuzi wa 2019 zimekuwa zikitupwa kwa kukosa mamlaka, na miezi 12 ya kuwasilisha dai huwa imekwisha kupita.

Mabadiliko hayo yalimpa mpakiaji kitu na kumnyang'anya kingine. Kwa hakimu angelazimika kuonyesha uzembe, na fidia yake ingepunguzwa kwa kiasi alichochangia makosa. Lakini angelipwa pia kwa maumivu na mateso. WIBA haiulizi makosa ya nani, na haina fungu la maumivu. Ina hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia, na asilimia hiyo huzidishwa kwa mapato ya miezi 96. Mpakiaji anayepata shilingi 600 kwa siku, akifanya kazi siku 20 kwa mwezi, ana mapato ya shilingi 12,000. Kwa miezi 96 hiyo ni 1,152,000. Daktari akisema kiuno kimepoteza asilimia 10 ya uwezo wake, fidia ni shilingi 115,200. Akisema asilimia 20, ni 230,400. Kwa hiyo mambo mawili yanaamua kila kitu: asilimia ya daktari, na mapato yanayoweza kuthibitishwa. Mpakiaji aliyezoea kulipwa mkononi na kusahau ni kiasi gani ameshapoteza nusu ya hesabu kabla hajafika ofisini.

Lakini ninaamini fao lenye maana kubwa zaidi kwa watu wa sokoni si hilo. Ni lile la ulemavu wa muda, ambalo karibu hakuna anayelidai. Mfanyakazi asiyeweza kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi kwa sababu ya ajali ya kazini anastahili kuendelea kupokea malipo ya mapato yake wakati akipona, kwa muda usiozidi miezi 12, na gharama za matibabu ni za mwajiri. Maumivu mengi ya kiuno yanayotokana na kuinua hupungua ndani ya wiki kadhaa, mara nyingi sita hivi, mradi mtu aendelee kutembea na kujinyoosha taratibu na asirudie mzigo mzito mapema. Wiki sita za mpakiaji wetu ni shilingi 18,000 au karibu na hapo. Fedha hizo hazinunui hata tairi moja jipya la lori. Zisipolipwa, njaa humrudisha kazini siku ya nne, gunia la kwanza linalomaliza kilichobaki linamkuta hajapona, na jeraha ambalo lingekwisha kwa mapumziko linakuwa la maisha. Ulemavu mwingi wa kudumu katika kazi hii umetengenezwa hivyo, kwa kukosekana kwa malipo madogo katika wiki za mwanzo.

Hapa inafaa kuelewa kinachotokea mwilini, kwa sababu ndiko dai linakovunjikia. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini, ambavyo madaktari huviita diski. Mtu akiinama na kuinua mzigo ulio mbali na mwili wake, misuli ya mgongo hulazimika kuvuta kwa nguvu kubwa kuliko uzito wa mzigo wenyewe, na diski za chini kabisa, zile za kiunoni, ndizo zinazogandamizwa zaidi. Akigeuka huku ameinama, kama afanyavyo mrusha mchanga kila anapoinua beleshi, hali huwa mbaya zaidi. Diski ikichomoza na kubana neva, maumivu hushuka kwenye tako na mguu hadi wayoni. Wengine hupata ngiri ya kinena, na wengine huchanika msuli wa bega. Ikitokea ganzi katikati ya mapaja, au mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, hiyo si ya kungoja asubuhi. Ni ya hospitali saa ileile, kwa sababu neva zinaweza kufa.

Katika yote hayo, hakuna damu. Mara nyingi mtu husikia kitu kimekatika, akapumzika kidogo, akamaliza kupakia ili asikose malipo, na kushindwa kuamka kesho yake. Akienda kupigwa eksirei, picha huonyesha mifupa iliyo sawa, kwa kuwa eksirei haionyeshi diski. Kipimo cha MRI ndicho huonyesha, nacho bei yake ni ya siku nyingi za kubeba magunia. Mwajiri au kampuni ya bima ikiona eksirei safi, husema mtu huyu ni mzima. Hata MRI ikionyesha diski imechomoza, watasema ni uzee au alizaliwa nayo, na kwa kweli watu wengi wasio na maumivu yoyote wana diski za namna hiyo. Kwa hiyo picha peke yake haishindi dai. Kinachounganisha jeraha na kazi ni masimulizi yaliyoandikwa mapema: siku gani, saa ngapi, mzigo gani, wa nani, na maumivu yalianzaje.

Karatasi ya kwanza ya hospitali ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mgonjwa akimwambia muuguzi wa mapokezi "naumwa mgongo" tu, hicho ndicho kitakachoandikwa, na miezi minane baadaye wakili wa bima atauliza mbona hospitali haikutaja gunia. Akisema "nilikuwa nikiinua gunia la ndengu kwenye lori la fulani jana saa nne asubuhi, nikasikia kiuno kimekatika", sentensi hiyo itafanya kazi ambayo mashahidi watatu hawaiwezi. Tangu Oktoba 2024 wagonjwa wanatibiwa chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, na wengi hunyamaza kuhusu kazi kwa kuhofia kwamba wataambiwa wakamwone mwajiri. Kunyamaza huko kunahamisha gharama kutoka kwa mwenye lori kwenda kwa michango ya umma, na kunafuta ushahidi wa dai.

Kuna pia wanaokimbilia polisi kutafuta P3. Fomu hiyo ni ya mambo ya jinai. Inayohitajika hapa ni fomu ya DOSH/WIBA 1, ambayo mwajiri hujaza sehemu yake na daktari sehemu yake. Mfanyakazi anatakiwa kumwarifu mwajiri, na taarifa ya mdomo inatambuliwa na sheria. Mwajiri naye ana siku 7 tangu apewe taarifa kuripoti kwa Mkurugenzi. Ajali isiporipotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12, haki hufa. Ningemshauri mtu yeyote asitegemee mdomo. Ujumbe mfupi wa simu wenye tarehe, uliotumwa kwa mwenye mzigo siku ileile, ni taarifa, na hauwezi kukanushwa kirahisi.

Baada ya hapo huja asilimia. Jedwali la Kwanza la WIBA limepanga viungo vilivyopotea: mkono, kidole gumba, jicho, mguu. Ni jedwali lililotungwa kwa kufikiria mashine na viwanda. Kiuno kinachouma bila kukatika hakikai vizuri humo, na sheria inamwachia Mkurugenzi kukadiria asilimia isiyopingana na mwelekeo wa jedwali. Inamruhusu pia kuongeza asilimia pale jeraha linapomwathiri mtu zaidi kwa sababu ya aina ya kazi yake. Kifungu hicho kingepaswa kuwa rafiki mkubwa wa wapakiaji. Karani aliyepoteza asilimia 10 ya kiuno atarudi mezani kwake. Mpakiaji mwenye asilimia 10 hiyohiyo amepoteza kazi nzima, kwa sababu hakuna nusu ya kubeba gunia. Lakini ripoti ya daktari isiposema wazi kwamba mgonjwa huyu alikuwa akiishi kwa kubeba na hawezi tena kubeba, ofisa aliyeko ofisini hana cha kushika. Ripoti nyingi huishia kwenye namba.

Sasa tuje kwa mwajiri, ambako ndiko kwenye ugumu mkubwa zaidi.

WIBA inamlinda aliye na mkataba wa kazi kwa mshahara au ujira. Mkataba si lazima uwe wa maandishi. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtambua kibarua wa kutwa na inaitambua kazi ya kipande, ile inayolipwa kwa kiasi kilichofanywa bila kujali muda. Inasema pia kwamba kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo zinazofikia mwezi, ajira yake inageuka kuwa ya mwezi kwa macho ya sheria. Na pale mwajiri anaposhindwa kutoa mkataba wa maandishi katika kesi, ni juu yake kukanusha anachodai mfanyakazi kuhusu masharti ya kazi. Kwa hiyo kijana anayepakia kila siku katika ghala moja la mfanyabiashara wa nafaka, akiambiwa afike saa ngapi na aondoke saa ngapi, ni mfanyakazi, hata kama hajawahi kusaini chochote.

Mpakiaji wa sokoni ni jambo jingine. Leo anapakia ndengu za dalali wa Thika, kesho mihogo ya mama wa Mtito Andei, keshokutwa saruji ya duka la vifaa vya ujenzi. Yumo katika kundi la vijana lenye kiongozi, na kiongozi ndiye anayeelewana bei na dereva. Dereva analipa kwa niaba ya dalali, dalali ananunua kwa niaba ya mfanyabiashara wa mjini. Ajali ikitokea, kila mmoja anamwonyesha mwingine kidole. Dalali husema alilipa kundi, si mtu. Kiongozi wa kundi husema yeye pia ni mpakiaji. Mwenye lori husema alikodiwa tu. Mahakama zinapoamua nani mwajiri huangalia nani alitawala namna kazi ilivyofanywa, nani alimiliki vifaa, nani angepata faida au hasara. Kwa vigezo hivyo, baadhi ya wapakiaji hawa watahesabiwa kuwa watu waliojiajiri, na WIBA haitawafikia kabisa. Ni vizuri kusema hivyo wazi, kwa sababu kumpa mtu matumaini yasiyo na msingi kunampotezea mwaka.

Vivyo hivyo kwa mwethya. Utamaduni wa Wakamba wa kukusanyika na kufanya kazi ya mmoja wao, uliochimba matuta yaliyookoa mashamba ya Mbooni na kwingineko, hauna mwajiri wala ujira. Anayeumia akibeba mawe ya tuta la jirani anategemea majirani walewale. Sina shida na hilo. Wanakwetu wamelimudu kwa vizazi. Shida yangu ni biashara zinapovaa sura ya mwethya, zikichukua kundi la vijana kwa malipo ya jumla ili kusiwe na mtu mmoja mwenye jina aliyeajiriwa na mtu mmoja mwenye jina.

Ushahidi unaoweza kuvunja ukungu huo upo, na mwingi uko kwenye simu. Malipo ya M-Pesa yakitoka kwa namba ileile wiki baada ya wiki, taarifa ya M-Pesa inaonyesha mwajiri ni nani na mapato ni kiasi gani, yaani inajibu maswali mawili kwa pamoja. Picha ya lori yenye namba ya usajili, majina ya wenzake waliokuwepo, daftari la kundi: hivyo ni vitu ambavyo ofisa wa leba anaweza kuvifanyia uchunguzi, na sheria inampa Mkurugenzi mamlaka ya kuchunguza. Lakini angalia kinachotarajiwa hapa. Mtu ambaye kazi yake ni kubeba anatakiwa awe mpiga picha, karani na mtunza nyaraka, huku mwenye mzigo, ambaye ana risiti, leja na mhasibu, hatakiwi kuonyesha chochote hadi aulizwe.

Linganisha na wauguzi. Katika hospitali za Kitui na Makueni, kama popote nchini, muuguzi huinua wagonjwa kutoka kitandani hadi kwenye machela, wakati mwingine wawili wakimwinua mtu mzima wa kilo 80 bila kifaa. Huyu ana barua ya ajira, hati ya malipo na mwajiri anayejulikana na kila mtu. Hata hivyo majeraha ya mgongo ya wauguzi hayaripotiwi, kwa kuwa wao wenyewe huyaona kama sehemu ya kazi. Wanameza dawa ya maumivu na kuingia zamu. Ukimpata mwajiri, basi, bado hujaliona jeraha, hadi mtu aliandike.

Na uzito? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, katika kifungu cha 76, inamkataza mwajiri kumtaka au kumruhusu mfanyakazi abebe mzigo ambao kwa uzito wake unaelekea kumwumiza. Ni kifungu kizuri kisicho na kipimo. Hakitaji kilo. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kama upeo wa mzigo wa mwanamume mzima, na hata hilo lilikuwa la zama zake. Mwongozo wa Uingereza hutumia kilo 25 kwa mwanamume katika hali nzuri, na taasisi ya utafiti ya Marekani, NIOSH, huanzia kilo 23 na kushuka kadiri mazingira yanavyokuwa magumu. Gunia letu la kilo 90 linavipita viwango hivyo vyote. Lumbesa, lile gunia lililoongezewa kofia ya wavu juu, hukemewa kila mwaka kwa kumpunja mkulima. Sijasikia likikemewa kwa kumvunja anayelibeba, ilhali ni mtu yuleyule wa kijiji kilekile. Kwa viazi, nchi ilikwisha kukubali kilo 50 kuwa kikomo katika kanuni za mwaka 2019, ingawa utekelezaji umesuasua. Hakuna sababu ya maana ya kuiacha ndengu nyuma.

Ninasisitiza uzito kwa sababu dawa inayopendwa zaidi ni semina ya kufundisha watu kuinua kwa kukunja magoti. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2011 yaliona kwamba mafunzo na ushauri wa namna hiyo, peke yake, hayazuii maumivu ya mgongo. Kinachoelekea kusaidia zaidi ni kupunguza mzigo wenyewe na kubadilisha namna kazi inavyofanywa: rampu badala ya ubao, toroli, gunia dogo. Na mizigo mizito si jambo jipya: Ukambani kuna historia ndefu ya mabega. Misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu hadi Mombasa siku za Kivoi wa Mwendwa wa Kitui, aliyeuawa mwaka 1851. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia wengi wa kwao walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, wale ambao jina lao limebaki Kariokor jijini Nairobi. Maelfu walikufa, na ujira wa wengi wao haukuwafikia warithi. Serikali ilijitetea kwa kukosa majina na anwani. Miaka zaidi ya mia baadaye, dai la mpakiaji linakwama kwa sababu ileile: jina lake halikuandikwa na aliyemtuma kubeba.

Tuseme basi kwamba yote yamekwenda sawa: fomu imejazwa, daktari ametoa asilimia, Mkurugenzi amekadiria na kumpelekea mwajiri dai. Mwajiri au bima yake ana siku 90 za kulipa. Asiyeridhika, awe mfanyakazi au mwajiri, ana siku 60 za kuweka pingamizi kwa Mkurugenzi, ambaye anatakiwa kujibu ndani ya siku 14. Kisha ziko siku 30 za kukata rufaa kwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo kwa watu wa Kitui na Makueni maana yake mara nyingi ni safari ya Machakos au Nairobi. Mwajiri anaweza kumtuma mfanyakazi kwa daktari wake. Mfanyakazi naye anaweza kuwa na daktari wake, kwa gharama yake mwenyewe. Na mwajiri akikaa kimya tu, bila kulipa wala kupinga? Hapo sheria imeacha pengo. Haikueleza waziwazi jinsi tathmini ya Mkurugenzi inavyotekelezwa kwa nguvu, na majaji wametofautiana juu ya kama mahakama inaweza kuichukua tathmini hiyo na kuifanya hukumu. Bunge lingeweza kulimaliza hilo kwa sentensi moja: tathmini isiyopingwa ndani ya siku 60 itekelezwe kama amri ya mahakama.

Watanzania walichagua njia nyingine. Sheria yao ya fidia ya 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Waajiri huchangia sehemu ndogo ya mishahara, na aliyeumia hulipwa na Mfuko. Mfanyakazi hamkimbizi dalali aliyehama mji. Kenya inategemea bima ya kampuni binafsi, ambayo sheria inamlazimisha mwajiri kuinunua. Mwenye kiwanda huinunua, mfanyabiashara wa magunia haifikirii. Mfuko wa Tanzania haujamaliza tatizo la kibarua asiyesajiliwa, kwa kuwa huko nako mchango hufuata orodha ya mishahara. Lakini umeondoa pigano kati ya mtu mmoja maskini na mtu mmoja mjanja, na hilo si jambo dogo.

Kwa soko la wazi, nadhani jibu liko karibu kuliko Dodoma au Nairobi. Viwango vya kazi ni jukumu la serikali ya taifa, na kaunti haiwezi kutunga WIBA yake. Masoko na ushuru wa mazao, hata hivyo, ni ya kaunti. Kila gunia la ndengu linalotoka Kitui hupita kwenye kizuizi na kukatiwa risiti ya ushuru. Mchanga wa Makueni una sheria yake tangu 2015, na lori haliruhusiwi kutoka mtoni hivihivi. Kwa maneno mengine, mfumo wa kuandika kila mzigo, mwenye mzigo na gari upo tayari na unafanya kazi kila siku, kwa sababu unaiingizia kaunti fedha. Unachokosa ni mstari mmoja: nani amepakia. Risiti ikitaja mwenye mzigo kuwa ndiye aliyewaajiri waliopakia kwa safari hiyo, na kiongozi wa kundi akiandika majina yao na namba za simu hapohapo, ofisa wa leba atakuwa na pa kuanzia. Sehemu ndogo ya ushuru huo ingeweza kununua bima ya kundi kwa wapakiaji waliosajiliwa sokoni, hata wale ambao WIBA ingewahesabu kuwa wamejiajiri. Bima za ajali za makundi zipo sokoni, na mtu aliyemo ndani yake halazimiki kwanza kushinda mabishano ya nani ni mwajiri.

Mabunge ya kaunti hupitisha sheria zao za fedha kila mwaka, na viwango vya ushuru hujadiliwa humo, pamoja na maoni ya wananchi. Vikao hivyo hujaa wafanyabiashara wanaolalamikia shilingi zilizoongezwa kwa kila gunia. Makundi ya wapakiaji wa Mwingi, Wote na Emali yana haki sawa ya kufika, na yana jambo mahususi la kudai: mstari wa majina kwenye risiti, bima ya kundi kutoka kwenye ushuru, na gunia la kilo 50.